Tulivyomfundisha Nalongo Kupiga Magoti

Wanangu, nasikia mwaka huu mmepewa fulana mpya za kijani, kofia, na filimbi moja kwa kila kikundi. Fulana vaeni. Kofia vaeni pia, maana jua la Kampala siku hizi halina adabu. Filimbi mniletee mimi nyumbani, nina wajukuu watakaoipenda.

Msidhani naidharau kazi yenu. Nimefanya kazi ya afya ya jamii miaka ishirini na sita, mingi yake hapa Nateete, na kwa miaka kumi ya mwisho kazi yangu kubwa ilikuwa kuwatoa wanawake kwenye viti. Ukiwaambia watu hivyo wanacheka. Wanadhani mwanamke asiyefanya mazoezi ni tajiri wa mlimani mwenye mfanyakazi na gari. Nendeni sokoni muone. Mwanamke anafika na jua halijatoka, anakaa kwenye kiti cha plastiki, na anaondoka hapo jioni. Mikono imefanya kazi, mdomo umefanya kazi, miguu imelala siku nzima. Ukimwambia hafanyi mazoezi anakutazama kama umemtukania mama yake, kwa sababu amechoka, na kweli amechoka. Hajui tu kwamba kukaa nako kunachosha.

Sasa niwasimulie kosa langu, maana nisipolisema mimi, kuna watu Nateete watalisema vizuri zaidi.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa polisi, alitoka kaskazini, nasi tulikulia kwenye zile nyumba za mabati za mviringo ambako Kiswahili ndicho lugha ya jikoni, ya ugomvi na ya gwaride. Nilibembelezwa kwa Kiswahili. Kwa majirani zetu Waganda, hasa wa rika langu, Kiswahili ni kitu kingine: ni lugha waliyoisikia kwa mtu mwenye bunduki. Hilo nililijua. Kila mtu Kampala analijua. Lakini kulijua jambo si sawa na kulikumbuka siku unapolihitaji.

Siku ya kwanza ya kikundi cha mazoezi walikuja wanawake thelathini hivi, kwenye uwanja wa shule moja nyuma ya soko. Nilifurahi mno. Nikapuliza filimbi, na sauti iliyonitoka haikuwa yangu, ilikuwa ya marehemu baba yangu. "Mstari mmoja! Mikono juu! Chini!"

Nilitaka wachuchumae. Wasichana waliokuwemo walicheka wakachuchumaa. Mwanamke mmoja wa umri kama wangu, mnene, lesu, yaani khanga, kiunoni, alianguka kifudifudi. Hakujikwaa. Alilala mwenyewe, uso kwenye nyasi, mkoba chini ya kifua, mikono yote miwili nyuma ya shingo. Alilala vizuri kabisa, kama mtu aliyefundishwa.

Kicheko kilikatika. Nilimkimbilia nikamwambia, "Nnyabo, mama, inuka, inuka, ni mazoezi tu." Akajaribu. Hakuweza. Aliweka mkono, akaweka goti, goti likakataa. Tulimwinua watu wanne. Alijikung'uta nyasi, akaniambia "Webale, musawo," yaani asante daktari, kwa sababu pale Nateete yeyote mwenye daftari na dawa ni musawo, na kwa sababu mwanamke wa Kiganda aliyelelewa vizuri hukushukuru hata ukimvunja mkono. Kisha akaenda zake. Siku ya pili ya kikundi walikuja wanawake tisa, na yeye hakuwemo.

Nilisikia aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Sista Kevina, mkunga mfupi mwenye sauti nzito, aliyekuwa akisimamia zahanati yetu. Nilimweleza yote. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Umeshamwendea?" Nikasema bado. Akasema, "Basi nenda saa nane mchana, jua likiwa limefukuza wateja. Usisimame mbele ya meza yake. Tafuta kitu cha kukalia kilicho chini kuliko kiti chake, ukae, unyamaze mpaka yeye aongee." Yashikeni hayo. Nimehudhuria semina nyingi zenye chai na mandazi, na hakuna iliyonifundisha zaidi ya maneno yale.

Nilimkuta sokoni. Jina lake la nyumbani sikuwahi kulitumia. Alizaa pacha, na mama wa pacha Buganda ni Nalongo mpaka anaingia kaburini. Aliuza nyanya na vitunguu. Niligeuza kreti tupu nikakaa miguuni pake. Alinitazama, akaendelea kupanga nyanya mafungu ya nne nne. Nami nikanyamaza, jambo ambalo wanaonijua watawaambia si dogo.

Mwishowe akaongea, kwa Kiswahili kile cha sokoni alichojifunza kwa Wakongo na Wakenya wanaonunua jumla.

"Musawo, wewe naongea kama askari."

"Najua. Nisamehe."

"Wakati ya vita mimi nilikuwa na miaka kumi na nne. Wakisema chini, unalala. Hauangalii nani nasema. Siku ile mwili yangu ilienda peke yake, mimi hata sikuiuliza." Akafuta nyanya kwa lesu. "Rakini ile ilipita. Shida yangu si kulala. Shida ni kuamka."

Ndipo akaniambia. Kaka yake alikuwa na binti aliyefiwa na mama akiwa na miaka mitatu, na Nalongo ndiye aliyemlea. Binti amesoma, amepata kazi, amepata mchumba, na kwanjula imewekwa mwezi wa nane, ile sherehe ambayo watu wa mchumba huja kujitambulisha kwa wazazi wa msichana. Siku ile mtu mkubwa si baba wala mama. Ni shangazi, ssenga. Yeye ndiye hupiga magoti kuwasalimu wageni, safu kwa safu, ndiye huenda katikati yao kumtafuta mchumba na kumtoa mbele za watu. Anashuka na kuinuka mara kumi na zaidi, na macho ya watu mia mbili yanamtazama.

"Kaka yangu nasema mimi sitaweza. Nasema, 'Tutakuinua mbele ya wageni kama gunia ya mkaa?' Ameita dada mwingine, wa Masaka. Yule ana magoti mazuri." Akaiweka nyanya chini. "Musawo, yule mtu hata hajui mtoto anakunywa chai gani. Mimi nilimbeba na surua. Sasa yeye ndiye atashika mkono yake?"

Nilikuwa nimekwenda na hotuba nzima kichwani: presha, sukari, moyo. Nikaimeza yote. Nilimuuliza swali moja tu, kaka ameshaamua au bado. Akasema kaka atamtazama wiki mbili kabla ya sherehe, ukoo ukikutana. Ilikuwa mwezi wa nne.

Nikamwambia kwa utani, "Nalongo, mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Kuinama naweza. Niambie ya yule anataka kutoka uvunguni."

Sista Kevina alimpima kwanza, presha na magoti, akasema mifupa haijaharibika sana, misuli ya mapaja ndiyo imesahau kazi. Ndipo tukaanza. Sikilizeni tulivyofanya, maana hii ndiyo ngazi niliyoitumia baadaye kwa wanawake wengi. Tulianza na benchi la shule: kaa, inuka, bila kushika kitu, mara tano, pumzika, mara tano tena. Benchi likizoeleka, tukahamia kreti ya soda. Kutoka kreti tukaenda kwenye jerikeni ya lita kumi iliyolazwa. Kutoka jerikeni, kile kigoda cha kumenyea matoke. Mwisho ndio mkeka. Kila hatua inashuka kidogo, na hushuki mpaka mwanamke mwenyewe aseme hii sasa ni rahisi. Siku akiwa kwenye mkeka, unamfundisha kuinuka kwa mpangilio: mguu wenye nguvu mbele, mkono juu ya paja, toa pumzi, sukuma kwa kisigino. Asivute pumzi akazuia. Anayezuia pumzi anaona nyota.

Lakini mara mbili kwa wiki haitoshi. Siku moja nilikaa tena pale miguuni pake nikatazama meza yake, nikaona jambo. Alikuwa ameipanga kwa akili nyingi ili asiinuke kamwe. Nyanya mkono wa kulia, vitunguu kushoto, pesa kifuani, kavera, mifuko ya plastiki ya kufungia, zimening'inia usawa wa sikio lake. Hata fimbo alikuwa nayo ya kuvutia boksi la nyuma.

Nikachukua zile kavera nikazitundika kwenye nguzo ya mbali.

"Musawo! Wewe nataka kuniua?"

"Kila mteja, unainuka unachukua kavera moja. Moja tu. Ukichukua mbili nitajua."

"Utajuaje?"

"Jirani yako wa maharage ni rafiki yangu."

Alinitukana kwa Kiganda, taratibu, kwa heshima. Lakini alikuwa na wateja sitini kwa siku. Hesabuni wenyewe. Mwezi wa tano ulipoisha, yule mama wa maharage naye alikuwa amehamisha kavera zake, eti wateja wanakwenda kwa muuzaji anayesimama kuwapokea. Ndivyo kikundi kilivyorudi, mmoja mmoja, bila filimbi.

Kuna binti tulikuwa naye kazini, Brenda, aliyetoka chuo kikuu na kupanga chumba Wandegeya. Msichana mwenye akili, na hakuogopa kunikosoa. Yeye ndiye aliyeleta mambo ya simu kuhesabu hatua. Tukafanya shindano, zawadi sabuni. Mshindi akawa fundi cherehani ambaye hakuondoka kibandani wiki nzima; alikuwa ameifunga simu kwenye kifundo cha mguu akikanyaga mashine. Brenda alitaka kumnyang'anya ushindi. Nikasema mwache, mguu umefanya kazi, na mtu aliyefikiria mpaka hapo anastahili sabuni.

Brenda huyo aliposikia mpango wa Nalongo alinivuta pembeni. "Mama Otim, kweli? Tumesoma afya ya jamii ili tuwafundishe wanawake kupiga magoti?"

Nilijibu kwa ukali kidogo, nami sijuti. Nilimwambia mwanamke anayeweza kupiga magoti anaweza pia kukataa kupiga. Asiyeweza hana la kukubali wala la kukataa. Akasema atafikiri. Mpaka leo hajakubaliana nami yote, na ndivyo ilivyo vizuri. Lakini Jumanne iliyofuata alikuja na mkeka wa nyumbani kwake.

Nisiwafiche kosa la pili. Mwanzoni mwa mwezi wa saba Nalongo alikuwa kwenye kigoda, anainuka vizuri, anatutania sote. Mimi nikapata kiburi. Nikaona ssenga tayari, nikaona na mimi nimekaa kwenye hema nakula. Nikamwambia leo twende kwenye mkeka, mara kumi. Yeye akasema bado. Nikasema unaweza. Mara ya sita goti likalia kama kuni kavu, akaketi ghafla akilishika. Jioni lilikuwa limevimba.

Sista Kevina alilifunga kwa kitambaa cha maji baridi, akanigeukia mbele ya mgonjwa. "Umetazama sherehe. Hukutazama goti."

Wiki tatu zilipotea. Nalongo akarudi kwenye kiti chake cha plastiki, na nilipopita niliona kavera zimerudi usawa wa sikio. Sikuzigusa. Nilikaa kwenye kreti.

"Dada wa Masaka ameshashona gomesi," akaniambia. "Nasikia ni ya rangi ya dhahabu."

"Yako iko wapi?"

"Ndani ya sanduku. Sijamwambia mtu."

Mwanamke aliyekata tamaa hashoni gomesi, gauni la sherehe, kwa siri. Nikamwambia safari hii sitasema neno. Yeye ndiye ataniambia lini benchi, lini kreti. Macho yangu yakaenda kwenye kavera. Akasema kwa uchungu, "Sogeza hii kavera, basi. Naona wewe nataka kuisogeza na macho."

Mkijifunza kitu kimoja kwangu kiwe hiki: mwili unasahau polepole kuliko mnavyodhani. Alichojenga kwa miezi mitatu hakikuwa kimepotea. Uvimbe ulipoisha alishuka ngazi ile yote kwa siku kumi na mbili, akijiendesha mwenyewe, nami nikihesabu tu.

Ukoo ulikutana Jumapili nyumbani kwa kaka. Mimi sikuwepo, si mambo yangu, lakini alinisimulia. Kaka hakumwomba ajaribu. Alianza tu kuongea habari za dada wa Masaka. Nalongo akachukua sinia la chai, akaenda mbele yake, akashuka magoti yote mawili na sinia mikononi, akamsalimu salamu ndefu ya Kiganda, ile isiyoisha, akauliza habari za nyumba, za shamba, za ng'ombe ambao kaka hana, kisha akainuka na sinia lile lile. Chai haikumwagika. Kaka akasema, "Kale," yaani haya, sawa, na wakaendelea na habari ya mahema.

Kwenye kwanjula sisi wa kikundi tulialikwa watu kumi na mmoja. Tulikaa mkekani upande wa wenyeji. Nalongo alitoka amevaa gomesi ya kijani kibichi, na mshipi umefungwa kama mshipi unavyotakiwa. Akafika safu ya kwanza ya wageni. Akashuka. Akasalimu. Mimi moyoni: mguu mbele, mkono pajani, toa pumzi. Akainuka.

Na hakuna aliyeona kitu, wanangu. Watu mia mbili walikuwa wanatazama, na walichoona ni ssenga anawasalimu wageni, basi. Walikuwa wanaongea, wengine wanapiga picha za maua. Sisi kumi na mmoja tukashindwa kujizuia. Fundi cherehani ndiye aliyeanza, sote tukamfuata, vigelegele, mahali ambapo mila haina vigelegele. Msemaji wa wageni, mzee mmoja wa kanzu na koti, akadhani tumeshampokea kijana kabla hata hajajieleza, akaanza kushukuru. Msemaji wetu akamwambia kaa chini ssebo, mzee wangu, bado hujatoa hata mbuzi. Ilichukua muda mambo kunyooka. Nalongo alishuka na kuinuka mara kumi na nne. Brenda alihesabu. Mara ya kumi na nne alikuwa mbele ya mchumba, akamshika mkono akamwinua, na binti yake akamtazama kutoka mlangoni analia mpaka wanja ukashuka.

Wakati wa chakula wasichana walipita na birika na beseni kunawisha wageni. Kwetu sisi wa mkekani alikuja Nalongo mwenyewe. Alikuwa amechoka, niliona kwenye midomo yake. Akaja moja kwa moja mbele yangu, nikaona anataka kushuka.

"Nalongo, acha," nikamwambia. "Umeshapiga magoti ya kutosha leo. Mimi si mkwe. Nimwagie tu ukiwa umesimama."

"Nyamaza, musawo. Ile ingine yote ilikuwa ya kazi. Hii ni yangu."

Akashuka taratibu, akaweka beseni, akainamisha birika. Mimi mtoto wa kambi, ambaye kwetu magoti yalikuwa ya kanisani na ya adhabu, nilinyoosha mikono juu ya beseni. Nililia, sioni haya kusema. Alimwaga maji mpaka sabuni yote ikaisha, akanipa taulo, akatanguliza mguu wa kulia, na akainuka bila kushika kitu.